Fimbo ya mwalimu wa mazoezi

Mjini Lushoto kuna chuo ambacho watu huenda kujifunza namna ya kuhukumu. Jina lake ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Kilianzishwa kwa Sheria Na. 3 ya 1998, na kimetoa makarani wa mahakama pamoja na vijana wa stashahada ya sheria ambao baadhi yao walikwenda kukalia kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo. Anayesoma pale hukutana mapema na Ibara ya 13(6) ya Katiba: kila mtu ana haki ya kusikilizwa kikamilifu, mtuhumiwa asitendewe kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na ni marufuku mtu kuteswa au kupewa adhabu za kumdhalilisha. Hujifunza pia kwamba anayelalamika hawezi kuwa ndiye anayehukumu, na anayehukumu hashiki mwenyewe chombo cha kuadhibia.

Toka langoni pa chuo hicho, panda au teremka mlima, hutakwenda mbali kabla hujakutana na shule. Ndani yake, hasa kati ya Julai na Septemba vyuo vikuu vinapokuwa likizo, utamkuta kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye katika kipindi kimoja cha dakika arobaini ni mlalamikaji, shahidi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu. Hajaajiriwa. Hana leseni. Amekuja kwa wiki chache kujifunza kazi. Watoto husimama anapoingia, humwamkia kwa sauti moja, na mezani kwake imelala fimbo aliyoikuta pale.

Nchini kote anaitwa mwalimu wa mazoezi, au mwalimu wa BTP (Block Teaching Practice) kwa wale wa vyuo vya ualimu. Nimeamua kumwandika yeye kwa sababu mjadala wetu kuhusu viboko humzungumzia zaidi mwalimu mzoefu na mkuu wa shule, wakati tabia ya mwalimu katika miaka thelathini ya utumishi hujengwa katika wiki hizi chache. Tunamkabidhi fimbo kabla hatujamkabidhi kitu kingine chochote, halafu tunashangaa anapoitumia.

Wanaofika Usambara kwa mazoezi hutoka pande nyingi. Wapo wa Chuo cha Ualimu Korogwe, chini kule bondeni, na wapo wa vyuo vikuu vya mbali ambao hawajawahi kuiona Lushoto. Wanashukia Mombo, wanapanda kilomita zipatazo 33 za kona kupitia Soni, na usiku wa kwanza wanagundua kwamba Julai ya huku inataka mablanketi mawili. Wanapanga chumba wawili watatu. Asubuhi wanaripoti kwa mkuu wa shule na barua ya chuo.

Wanapokewa kwa furaha, na sababu ya furaha hiyo haijifichi. Uwiano rasmi katika shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, madarasa ya watoto themanini au mia moja yamekuwa kitu cha kawaida katika sehemu nyingi za nchi. Mwalimu mwenye somo akimwona kijana amefika na maandalio yake ya somo, humwachia vipindi, chaki na orodha ya majina, akaenda kushika mambo mengine yaliyomrundikia. Kwenye karatasi za chuo anaitwa mlezi wa mwanachuo huyo. Katika shule nyingi ulezi wenyewe huishia kwenye kuonyeshwa darasa lilipo na ushauri mmoja: hawa watoto ukiwachekea, hutafundisha.

Huo ushauri una uzito kuliko mihadhara yote ya saikolojia ya elimu aliyoisikia chuoni. Umetolewa na mtu anayeijua shule. Zaidi ya hapo, kijana anajua kwamba siku yoyote mkufunzi wake atatokea bila taarifa ndefu, ataketi kwenye dawati la nyuma na fomu ya tathmini, na moja ya mambo atakayoyapima ni jinsi anavyolisimamia darasa. Darasa lililotulia linampa alama. Fomu haina nafasi ya kuuliza utulivu huo umepatikanaje. Mwanachuo mwenye akili timamu anafanya hesabu yake: kuwafanya watoto themanini watulie kwa sababu somo limewashika kunataka ujuzi ambao bado hana. Kuwafanya watulie kwa woga ni kazi ya asubuhi moja. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha tatizo, na hapamhusu mwanachuo peke yake.

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, waliandika kwamba uwezo wa mtu kumtiisha mwenzake una vyanzo vitano: anaweza kuzawadia, anaweza kuadhibu, ana cheo kinachotambulika, anapendwa na kuigwa, au ana ujuzi ambao mwingine anauhitaji. Mpime mwalimu wa mazoezi kwa vyanzo hivyo. Zawadi hana, kwa sababu mtihani wa muhula na maksi zake viko mikononi mwa mwenye somo. Cheo chake ni cha kuazima na watoto wanajua. Wamekwisha kuona wenzake wa mwaka jana wakija na kuondoka. Kupendwa kunataka muda, naye anahesabu wiki. Ujuzi ndio kwanza anautafuta. Kinachobaki ni adhabu. Kwa hiyo kijana anayechapa darasa zima siku ya tatu tangu afike hana nguvu nyingi kama anavyoonekana. Ameishiwa na nguvu nyingine zote.

Sekondari upungufu huu unazidishwa na lugha. Mtoto wa Mtae, Mlalo au Bumbuli anaongea Kisambaa nyumbani, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na baiolojia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza. Mwalimu wa mazoezi aliyesimama mbele yake amepita njia hiyo hiyo miaka michache iliyopita, na mara nyingi bado anaihangaikia. Anauliza swali, darasa linakaa kimya. Kimya hicho kinaweza kuwa cha kutoelewa lugha, kutoelewa mada, au kuogopa kuchekwa. Mwalimu anakitafsiri kuwa ukaidi, maana tafsiri hiyo ndiyo pekee isiyomgusa yeye.

Taifa liliwahi kuona kwa macho yake mwisho wa njia hii. Mapema Oktoba 2016 ilisambaa video iliyopigwa ndani ya Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya, ikionyesha kundi la walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu kwa makofi, ngumi, mateke na fimbo ndani ya ofisi ya walimu. Chanzo kilichoelezwa kilikuwa zoezi la Kiingereza. Waliohusika walikuwa wanachuo wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, na wa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wamefukuzwa masomo.

Walistahili. Lakini nilipoitazama ile video, kilichonitisha zaidi ya mapigo yenyewe ni jinsi kila mmoja alivyojiunga bila kusita. Hakuna aliyemshika mkono mwenzake. Watu walio katikati ya jambo wanalolijua kuwa ovu huangalia mlango. Wale hawakuuangalia. Walitenda kama watu wanaofanya kazi waliyoikuta inafanywa. Hatua zikachukuliwa juu ya waliopiga, nasi tukaridhika. Sikusikia vyuo vikiulizwa viliwatuma vijana wale wakiwa wamefundishwa nini kuhusu hasira zao wenyewe.

Sheria haiko kimya. Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito linaloiaibisha shule. Visizidi vinne kwa mara moja. Vichapwe kwa fimbo nyepesi inayopinda, mkononi au kwenye makalio yaliyofunikwa na nguo, na si penginepo mwilini. Umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina. Anayechapa awe mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, kisha mkuu wa shule atie saini.

Soma tena hilo la maandishi. Mwalimu wa mazoezi asiye na karatasi ya mkuu wa shule mkononi hana ruhusa ya kumchapa mtoto hata kiboko kimoja. Hapa hatuzungumzii maadili wala mitazamo ya kisasa. Anavunja kanuni ya nchi tangu fimbo inapoinuka. Na mwenye kosa zito zaidi ni mwalimu mwenyeji aliyemkabidhi fimbo hiyo kama anavyokabidhi chaki. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, imeongeza kwamba mtoto asipewe adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na kwamba hakuna kumrudi mtoto kunakohalalika kukizidi kiasi kwa umri na hali yake. Kuchelewa, kelele, kukosa jibu la swali la tano: hakuna hata moja kati ya hayo linaloiaibisha shule.

Nikae kidogo kwenye kuchelewa, maana milimani kuchelewa kuna sura yake. Nyumba unazoziona ng'ambo ya bonde, karibu kiasi cha kusikia jogoo wake, kwa miguu ni mteremko mrefu, mto, na mpando mwingine. Masika njia inateleza, asubuhi ukungu umefunga, na mtoto wa darasa la tatu ana sweta moja ambalo jana lililoa. Siku ya gulio kuna kabichi, viazi na karoti za kubebwa hadi barabarani kabla ya jua kuchomoza, na mgongo wa mtoto ni sehemu ya uchukuzi wa familia. Mwalimu mwenyeji analijua hilo hata kama analichapa. Kijana aliyetoka tambarare, ambako shule iko mtaa wa pili, anawaona ishirini wamepanga foleni getini na kudhani ameona uzembe. Kanuni zingefuatwa, watoto ishirini wangekuwa maingizo ishirini kitabuni na saini ishirini za mkuu wa shule kabla kipindi cha kwanza hakijaanza. Ndiyo maana haziandikwi.

Badala ya fimbo, wengine huwapa watoto jembe. Wanaona wamepiga hatua, na kwa mwili wa mtoto kweli ni afadhali. Hata hivyo naipinga adhabu hiyo kwa moyo wote. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, ili mtoto asitoke shuleni akiidharau kazi ya mikono. Usambara ni nchi ya wakulima. Baba anayelima matuta ya kabichi Lukozi na mama anayechuma maharage Soni ndio wanaolipia daftari na sare. Mtoto anapopelekwa kulima kwa sababu amekosea hesabu, amefundishwa kwamba kazi inayomlisha ni kazi ya waliokosea. Kudeki vyoo na kuchota maji kama adhabu kunafundisha hayo hayo.

Kijana huyu ameyatoa wapi haya? Mtafiti wa Marekani Dan Lortie aliandika mwaka 1975 kwamba ualimu una kitu kisichokuwepo katika kazi nyingine: anayeuingia amekwisha kukaa maelfu ya saa akiwatazama wanaoufanya. Anayesomea udaktari hajakulia wodini. Anayesomea ualimu amekulia darasani. Mwanachuo wetu, kabla ya mhadhara wake wa kwanza, ana miaka isiyopungua kumi na moja ya kuwatazama walimu wake, na alichoona kinajulikana. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Miaka miwili au mitatu ya chuo inashindana na hayo yote, na chuo chenyewe hakikumbuki kuwa kiko kwenye mashindano.

Nyuma ya walimu wake kulikuwa na walimu wao. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 nchi ilihitaji walimu kwa haraka kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote, ikachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza wakiwa kazini. Walifanya kazi kubwa ambayo taifa halijawashukuru vya kutosha. Lakini kijana wa miaka kumi na saba aliyepewa darasa la wadogo zake alikuwa na kitu gani cha kumtofautisha nao?

Na nyuma zaidi ya hapo, mji huu wenyewe uliitwa Wilhelmstal, makao ya wilaya ya Wajerumani. Mwaka 1896 Berlin ilitoa amri ya kuratibu viboko katika koloni: visizidi 25 kwa mara moja, afisa awepo, wanawake wasichapwe, adhabu ziandikwe. Watu waliiita adhabu hiyo hamsa ishirini, na kumbukumbu yake ilidumu kuliko utawala ulioileta. Soma amri ile na kanuni zetu za 2002, utaona zinafanana umbo: idadi, msimamizi, daftari. Nchi huru ilirithi wazo kwamba kumpiga mtu kunaweza kuwa utaratibu wa ofisi ilimradi hesabu itunzwe. Waliotuletea wazo hilo wamekwisha kuliacha kwao. Ujerumani Magharibi iliondoa viboko shuleni miaka ya 1970, ingawa Bavaria ilichelewa, na Uingereza ilipitisha sheria ya kuviondoa katika shule za umma mwaka 1986.

Fimbo haimwishii mwanafunzi. Februari 2009 aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliagiza polisi wawachape walimu wa shule za msingi kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Walimu 19 walichapwa, na Rais Jakaya Kikwete akamfuta kazi. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2019, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi wa Sekondari ya Kiwanja, Chunya, walioshukiwa kuhusika na moto bwenini, na safari hii Rais John Magufuli alimuunga mkono hadharani. Mwaka huo huo, Machi, Mahakama Kuu huko Bukoba ilikuwa imemhukumu kunyongwa mwalimu wa Shule ya Msingi Kibeta kwa kumuua mwanafunzi wa miaka 13, aliyempiga Agosti 2018 akimtuhumu kuiba pochi. Mwanachuo anayekwenda mazoezini amezisikia habari zote hizi. Katika nchi ambayo kitendo cha aina moja kinamletea mmoja sifa, mwingine kufukuzwa na mwingine kitanzi, mtu asiye na uzoefu atafuata anachokiona ofisini kwa walimu wenzake.

Wasambaa wana historia yao wenyewe kuhusu amri na utii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1946 katika bonde la Mlalo, serikali ya Waingereza iliamuru wakulima wachimbe matuta kuzuia udongo usimomonyoke, na asiyechimba akatozwa faini au kufikishwa barazani. Tatizo la udongo lilikuwa la kweli na wataalamu hawakukosea kuhusu mmomonyoko. Watu walichimba walipoangaliwa, wakaacha walipogeuziwa kisogo, kisha wakakataa waziwazi, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ulikuwa umekufa. Kuanzia miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulikuja na nia ileile ya kuokoa udongo, safari hii kwa kukaa na wakulima, na majani na miti ya kukinga maji vikapandwa kwenye kontua za mashamba mengi ambayo wenyewe waliona faida yake. Kisogo kikigeuka, kinachobaki ni kile mtu alichokielewa. Wazee wa Mlalo hawahitaji profesa wa kuwaeleza hilo.

Najua kitakachosemwa, kwa kuwa wazazi wenyewe hukisema kwenye vikao vya shule: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli na mimi siichezei. Mtoto asiyeambiwa hapana ataharibika. Lakini mzazi aliyeirithi methali hiyo anamjua mtoto wake, atalala naye nyumba moja usiku huo na atakula naye ugali. Mwalimu wa mazoezi hajui hata jina la anayemchapa, na Septemba atakuwa Dar es Salaam. Uchungu wa mlezi hauwezi kukaimishwa kwa mgeni wa wiki nane.

Swali la haki analouliza mwanachuo ni hili: nikiiacha fimbo, nifanye nini na watoto themanini? Jibu lipo, na ni la kazi. Mwaka 1970 Jacob Kounin alichapisha matokeo ya kurekodi na kuchunguza madarasa mengi, akitafuta tofauti ya mwalimu mwenye darasa tulivu na mwenye darasa la vurugu. Alitarajia kuiona katika namna wanavyokemea. Hakuiona pale. Ilikuwa katika yanayotangulia kosa: mwalimu anayeona pembe zote za darasa na watoto wakajua kwamba anaona, anayeweza kumsaidia mmoja huku jicho liko kwa wengine, asiyekatisha somo lake mwenyewe kwa mambo madogo, na asiyeacha mapengo ambamo watoto hawana la kufanya. Hayo ni mambo ya kufundishika na kufanyiwa mazoezi, kama anavyofundishwa kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka.

Yamejaribiwa hapa nchini pia, ingawa kwa sura nyingine. Mwaka 2018 Mabula Nkuba wa DUCE, chuo kilekile kilichotajwa katika kisa cha Mbeya, na watafiti wenzake kutoka Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio katika shule nane za sekondari za serikali. Walimu wa baadhi ya shule walipewa mafunzo yasiyofika wiki moja kuhusu kuhusiana na wanafunzi na njia za nidhamu zisizo za kupiga. Miezi iliyofuata, walimu na wanafunzi wa shule hizo walieleza kwamba matumizi ya nguvu yamepungua, yakilinganishwa na shule ambazo hazikupata mafunzo. Kama siku chache zinatosha kumbadili mwalimu aliyezoea fimbo kwa miaka, chuo chenye kijana mikononi kwa mihula minne au sita kina udhuru gani?

Lushoto ina mfano wa karibu zaidi. Irente, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, kuna shule ya watoto wasioona na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kilichoanza 2007 pale Magamba, kilijikita katika kuandaa walimu wa elimu maalumu. Mwalimu wa mtoto mwenye usonji anayepiga kelele hawezi kujidanganya kwamba fimbo itamtuliza. Analazimika kuuliza kelele hizo zimetoka wapi: njaa, mwanga, sauti, mabadiliko ya ratiba. Swali hilohilo linamfaa mtoto wa darasa la kawaida anayesinzia kipindi cha nne. Ningependa kila mwanachuo anayepangiwa wilaya hii apelekwe Irente angalau kwa siku moja kabla hajaingia darasa lake la kwanza.

Majirani wetu wamekwenda mbele kisheria. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, Uganda ikavipiga marufuku kwa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016. Fimbo haijatoweka Nairobi wala Kampala, na anayedhani sheria peke yake itamaliza kazi asome magazeti yao. Lakini mwanachuo wa Kenya akikabidhiwa fimbo anajua amekabidhiwa kosa. Wetu anakabidhiwa kitu ambacho nchi inakiruhusu kwa masharti ambayo hakuna aliyemsomea. Naamini Tanzania itafika huko. Kabla haijafika, kanuni zilizopo zinatosha kuanzia kazi.

Mkuu wa shule anaweza, siku ile ile barua ya chuo inapofika mezani, kumwambia mgeni wake mbele ya walimu wote kwamba haruhusiwi kuchapa, na kumtaja kwa jina mwalimu atakayekaa naye darasani wiki mbili za mwanzo. Chuo kinaweza kuongeza swali moja kwenye fomu yake: utulivu huu umepatikanaje? Mkufunzi akae nyuma ya darasa na wanafunzi wawili baada ya kipindi, awasikilize. Mwanachuo naye ana haki ya kukataa fimbo anayopewa. Sheria iko upande wake, hata kama ofisi nzima ya walimu haiko.

Nawe mzazi wa Mlalo, Soni, Bumbuli au popote unaposomea gazeti hili: kwenye kikao kijacho cha shule omba kitabu cha adhabu kiletwe mezani. Uliza nani ameidhinishwa kwa maandishi kuchapa, na jina la mwisho liliandikwa lini. Shule inayochapa kila asubuhi na kitabu chake ni kitupu inavunja kanuni zilizopo tangu 2002, na wa kulijibu hilo ni mkuu wa shule, si kijana wa BTP.